Kitenge cha Mama Tusekile

Sadoki alimwona Mama Tusekile kwa mara ya kwanza pale Igamba, siku ya kampeni, akimvisha mgombea udiwani kitenge chake mwenyewe mabegani. Kwa akina mama wa kikundi chake, uliyemvisha umemfanya mwana. Akiharibu, aibu ni yako.

Mwaka uliofuata Sadoki alikodi shamba lililopakana na lake, wakawa majirani wa kuazimana majembe, naye akamwita mama.

Kisha mbolea ya ruzuku ya kata yao ikakamatwa Tunduma, ndani ya lori la diwani, yule yule aliyevishwa kitenge, ikivushwa kwenda Zambia. Mahindi ya Mama Tusekile yalikuwa yamedumaa, manjano kama nyasi za kiangazi.

Kwenye mkutano wa hadhara wengi walisema tusubiri uchaguzi, kura zitamwondoa. Mama Tusekile akasimama.

“Mwanangu, jiuzulu leo. Na kitenge changu nirudishie.”

“Bibi, kimeshachakaa kama wewe,” diwani akajibu. Watu wakacheka.

Mwenyekiti akauliza nani anamuunga mkono. Mama Tusekile akamtazama Sadoki, maana asubuhi ile shambani alikuwa amemwahidi. Sadoki hakuzoea kusema mbele za watu. Akainama, akaviangalia viatu vyake, na hoja ikafa.

Njiani alimkimbilia. “Mama, uchaguzi hauko mbali. Tutamnyima kura.”

Mama Tusekile aliendelea kutembea, na maneno aliyomwambia jioni ile yakawa ya mwisho.

“Usiniite mama,” alisema. “Mwana mmoja wa kuniaibisha ananitosha.”