Kalamu na Karamu

Ipo Jumamosi moja naikumbuka kuliko sikukuu zote nilizowahi kula, mwanangu, na nataka nikusimulie kabla haijafifia. Usicheke nikikuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu, na sina hata paka wa kulea. Lakini huku kwetu Manzese muuza mihogo na fundi viatu huitana mwanangu mchana kutwa, na siku ile niliona jambo ambalo naamini liliniongezea umri. Kuishi kwingi ni kuona mengi, ndivyo wasemavyo. Mie nimeishi kidogo, ila nimeona moja kubwa.

Mama yangu ni mwalimu wa darasa la kwanza. Anaitwa Mwalimu Bhoke, mzaliwa wa Tarime, Mkurya, na ulimi wake hauipendi l. Akitaka kusema kalamu, inatoka karamu. Akituambia "mkarare," tunakwenda kulala. Maneno yake nitayaandika kama anavyoyatamka. Nilimwomba ruhusa, akasema, "Andika tu. Siku hizi sifichi."

Zamani alificha, na hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Darasani kwake alikuwepo mtoto anaitwa Shabani, hajui herufi hata moja, na hajawahi kufungua kinywa. Siku moja mama akawaambia watoto, "Toeni karamu." Sauti ndogo ikatoka nyuma, ya Shabani: "Siyo karamu, Mwalimu. Kalamu." Mwalimu mwingine angenuna. Mama aliandika maneno yote mawili ubaoni, moja juu ya jingine, akayasoma polepole kwa ulimi wake huo huo, kisha akamwambia Shabani aje amwonyeshe anapokosea. Mtoto akayakodolea macho yale maneno mpaka akaona mahali yanapoachana, akaweka kidole. Tangu hapo darasa lao lina mchezo, unaitwa Mkamate Mwalimu. Mama anasoma, wao wanavizia. Kumkamata lazima usome, mwanangu, hakuna njia nyingine. Basi wakasoma. Wote, na Shabani akiwemo.

Habari ilimfikia Bi Zuhura, mwalimu mkongwe wa shule yao, mtu wa hapa hapa mjini tangu kwa babu zake. Kila mwezi walimu wa madarasa ya chini katika kata yetu hukutana, na mmoja husimama kuwaeleza wenzake anavyofundisha. Zamu ya mama ilikuwa haifiki. Kila ikikaribia, yeye hujitolea kupika chai, na anayepika chai hasemi. Chupa za chai nilikuwa nikizibeba mimi, kwa hiyo najua.

Ijumaa ile Bi Zuhura akatujia nyumbani. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mamako yupo, au kishapata habari kuwa naja?"

Mama akatoka jikoni anafuta mikono. Bi Zuhura hakukaa.

"Bhoke, kesho utasema wewe."

"Dada, mie nitareta chai."

"Chai yako tumeinywa mpaka meno yamebadilika rangi. Nataka hicho ulichowafanyia watoto."

Mama akainama. "Kwa mdomo huu, dada? Wazazi wakisikia mwarimu wa kusoma hajui kutamka, nitanyang'anywa darasa. Niache na watoto wangu."

"Kwani hao watoto wamesomeshwa na mdomo wa nani?"

Mama akaendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka.

"Mficha uchi hazai," akasema Bi Zuhura.

"Nimezaa watatu, dada."

"Na mkubwa huyu hapa, kakaa pembeni na haya zako zote. Hebu mtazame."

Nilitamani sakafu inimeze, mwanangu. Maana ni kweli. Darasani huwa najua jibu na mkono wangu unabaki chini ya dawati. Nilikuwa nadhani ni tabia yangu tu. Kumbe nilikuwa nimerithi.

Bi Zuhura alipoondoka, mama alinivuta tukae tutunge hotuba isiyo na l hata moja. Nakwambia ukweli, tulijaribu. Badala ya kalamu, peni. Badala ya kulala, kusinzia. Tukajiona wajanja sana. Kisha mama akasema, "Haya, tuanze," na hotuba ya watu hao huanza na neno moja tu: walimu. Tulitazamana. Mama akacheka mpaka akalia, halafu akabaki analia bila kucheka. Akasema, "Hata jina ra kazi yangu siriwezi." Nikamshika mkono.

Asubuhi alipika chai kama kawaida. Sikujua ataamua lipi mpaka tulipofika.

Walimu walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamekataa kuingia. Bi Zuhura akatamka jina la mama na kwenda kukaa. Mama akatazama chupa nilizoshika, nikaona anazitamani. Kisha akaenda mbele.

"Warimu wenzangu," akasema, "toeni karamu."

Kijana mmoja nyuma, Mwalimu Elia, mgeni katika kata, akauliza, "Kwani wali umeiva?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilitazama miguu yangu. Najua mama naye alitamani kutazama ya kwake.

Hakuitazama. Aliugeukia ubao, akaandika kalamu, na chini yake karamu. "Nani amenikamata?"

Mikono ikapanda.

"Wewe wa wari. Njoo unionyeshe."

Elia akaja anatabasamu, akaweka kidole kwenye l. Mama akamwambia, "Umesoma. Umenicheka, na umesoma. Wangu wanafanya hivyo kira siku."

Kicheko kikakatika. Mwalimu mmoja akauliza, "Huwa unakosea makusudi?"

"Mara nyingine makusudi. Mara nyingine ni urimi wa mama yangu. Wao hawajui ipi ni ipi, ndiyo maana hawarari darasani."

Hapo, mwanangu, nikaona nisichotarajia. Watu wazima wakafungua mikoba na kutoa kalamu. Mwalimu mmoja wa makamo akasema sikio lake moja halisikii vizuri na kwa miaka amewaficha wanafunzi. Labda angewaambia, wangejifunza kupaza sauti. Elia alikuwa bado amesimama ubaoni. Akasema taratibu, "Mimi nusu ya darasa langu hawasomi. Nilishaamua kuacha kazi nikauze simu. Mwalimu, Jumatatu naomba nije nikae kwako, nyuma kabisa."

"Njoo," mama akasema. "Ira watakukamata na wewe."

Nilimtazama mwanamke yule aliyenizaa kana kwamba namwona kwa mara ya kwanza. Kasoro ile ile aliyoificha ndiyo watu walikuwa wanaiandika. Na hakuna aliyekumbuka chai. Nilizirudisha chupa nyumbani zimejaa, mabega yananiuma, na sikunung'unika.

Darasa hakunyang'anywa. Elia alikuja Jumatatu, na bado yupo kazini.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Ukijua jambo linalomfaa mwenzio, usilipikie chai ya kukwepea. Usingoje mdomo wako unyooke ndipo useme. Ulimi hauna mfupa, utapinda tu. Watakucheka, naam, na kicheko kinauma, sikudanganyi. Kaa nacho kidogo. Nyuma yake huenda yupo mtu aliyekuwa ameshakata tamaa. Mimi mwenyewe bado nina haya. Juzi nimenyoosha mkono darasani, nikakosea jibu, na jioni nikala nikashiba.

Mungu akupe kalamu, mwanangu, na kalamu yako aifanye karamu, waje wale hata usiowajua majina.