Mistari ya Sumaya Mtaani Kajaga

Sumaya wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, alibakiwa na miezi miwili tu ya kumaliza masta yake ya jiografia, na masta yenyewe ilikuwa imeegemea kuta za watu. Mwaka jana ziwa lilipofurika likaingia mtaa wa Kajaga, alipita nyumba thelathini, akachora mstari mmoja wa rangi kwenye kila ukuta, akaandika daftarini sentimita kutoka mstari hadi maji. Mwaka huu angerudi kupima kutoka mistari ileile, aone ziwa limepanda kiasi gani. Mstari ukipotea, zile namba hazina maana. Profesa Sylvère, msimamizi wake, alikuwa amemwonya mara mbili.

Sasa niambie, mtoto wa mjini mwenye akili zake anachoraje kuta za watu kwa rangi nyekundu? Kopo alipewa na kaka yake Ilias, lilikuwa limebaki gereji baada ya kupaka teksi, na yeye akaona Mungu kamrahisishia. Hapa Bujumbura hata mtoto mdogo anajua: nyekundu ukutani, serikali inabomoa nyumba. Aliowakuta nyumbani aliwaeleza. Ambao hakuwakuta aliwachorea akapita zake, kwa sababu jua lilikuwa kali na miguu ilikuwa imezama tope. Haraka hiyo ya wasomi!

Aliporudi wiki iliyopita, kuta zilikuwa safi. Wengine walikuwa wamesugua kwa brashi ya chuma, wengine wamepaka chokaa juu. Nyumba ya kwanza hakuna, ya kumi hakuna, ya ishirini hakuna. Aliendelea kutembea, akijisemea kwamba akipata hata mistari mitano ataenda kumlilia profesa. Hakupata hata mmoja.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Dative, mjane anayekausha ndagala, dagaa wa ziwani, ambaye mwaka jana hakumkuta. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na msingi, pembeni turubai, na chini yake Dative, amepanga matofali yake vizuri. Alipomwona Sumaya na daftari alisimama, akajifunga kitenge sawasawa.

"Tulibomoa sisi wenyewe, madamu," alisema. "Mi sikutaka shida na serikali. Uandike kwamba nilitii."

Sumaya alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kuandika chochote akaondoka. Lakini maneno yakatoka yenyewe: kwamba hakutumwa na mtu, kwamba ile rangi ilikuwa yake yeye, ya masomo tu. Akaomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi, na kote kuwili maneno yalikuwa madogo mno.

Dative alikaa juu ya matofali. Aliangalia pale nyumba ilipokuwa.

"Na hayo masomo," aliuliza taratibu, "angalau ulifaulu?"