Mwalimu Asiye na Leseni

Agatha wa Lisekese alikuwa fundi umeme kabla hajawa mwalimu, na leseni ya kufunga umeme alikuwa nayo. Ya kufundisha hakuwa nayo. Hiyo huipati mpaka upite kozi ya ualimu wa ufundi, na kozi yenyewe ilikuwa mbali, Morogoro. Bwana Mudathiri, mwenye chuo kidogo pale Newala, alimwambia aanze kazi tu, mambo ya kozi yatajulikana mbele ya safari. Agatha akaanza. Wanafunzi walimpenda, wakaguzi hawakutokea, mwaka ukapita, ukaja mwingine.

Asubuhi moja ya kiangazi alikuwa karakanani na kundi dogo, wakifunga soketi kwenye ubao wa mazoezi. Swichi kuu alikuwa ameizima kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo boza la maji likapiga honi getini. Bomba lilikuwa kavu muda mrefu, na akikosa boza, nyumbani hakuna tone. Akawaambia waendelee, yeye anakwenda kukinga ndoo, anarudi.

Chumba cha pili mwanafunzi aitwaye Kelvin alitaka kuchaji simu. Kuona hakuna umeme, akaenda kwenye swichi kuu pale ukumbini, akaiwasha. Hakujua kama kuna watu kwenye nyaya. Kule karakanani Sijaona, kijana wa Mkunya, alikuwa ameshika waya kwa mikono yote miwili.

Agatha alisikia kelele akiwa kwenye foleni. Alipofika, wanafunzi walikuwa wamekwisha kuzima swichi, na Sijaona amelala sakafuni. Alimkandamiza kifua mpaka gari likapatikana. Hospitali alifika maiti.

Kabla wachunguzi hawajaja, Bwana Mudathiri alimwita ofisini, akafunga mlango. Alitaka aseme kijana aliingia karakanani bila ruhusa, wakati wa mapumziko.

"Aliyekufa haulizwi, madam. Sisi tuna chuo cha kulinda."

"Mimi ndiye niliyemwambia aendelee," Agatha alisema.

Mbele ya wachunguzi alieleza yote kama yalivyokuwa. Chuo kikafungwa, naye akapigwa marufuku kufundisha kwa muda. Wanafunzi waliokosa pa kwenda walimlaumu yeye, si mwenye chuo.

Baada ya arobaini alipanda bodaboda hadi Mkunya. Mama Sijaona alikuwa uani akimenya mihogo. Agatha akapiga magoti, akamwamkia shikamoo. Mama aliendelea kumenya. Alisikiliza habari yote, kisu mkononi, kisha akasema taratibu:

"Marahaba. Umekuja mwenyewe, nimekuona. Lakini usirudi tena, mwanangu. Nikikuona wewe, namwona yeye."

Marufuku ilipoisha, Agatha alikwenda kwenye kozi. Mwanzoni kabisa walifundishwa usalama wa karakana: mwalimu akizima swichi kuu huitia kufuli, na ufunguo anakaa nao mwenyewe. Miaka yote ya ufundi alifanya kazi peke yake. Hakuna aliyewahi kumwambia hilo. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka somo likaisha.

Alimaliza, leseni akaipata. Aliomba kazi Masasi, wakamuuliza kama si yeye yule wa Newala, akasema ndiye. Hakuomba tena. Sasa anapalilia mikorosho ya baba yake kule Lisekese. Jirani akitaka kufungiwa umeme, humwelekeza kwa fundi mwingine.