Kikao cha Nusu Msimu

Kila mwaka, besiboli inapokaribia mapumziko ya katikati ya msimu, mimi huitisha kikao nyumbani kwangu Grand Prairie. Si kijiwe cha kupiga soga. Kina mwenyekiti, ambaye ni mimi, kina katibu, kina ajenda, na asiyejua utaratibu hufundishwa papo hapo. Watanzania wenzangu hapa Texas huunda kamati za harusi na za misiba. Mimi niliunda kamati ya besiboli, na sijaona mwingine aliyeweza.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Besiboli nilijifunza mwenyewe ghalani, nikipakua makontena, redio ya msimamizi ikitangaza kwa Kiingereza ambacho nusu yake kilinipita. Ile nusu nyingine ilitosha. Leo nina malori yangu mwenyewe, yanabeba mizigo kutoka maghala haya haya hadi uwanja wa ndege, mengine hadi Laredo, mpakani mwa Mexico, na Mmarekani aliyezaliwa hapa akianza kubishana nami habari za warushaji, baada ya muda utamwona anatafuta funguo za gari lake.

Kwa asiyeujua mchezo: timu yetu, ile inayochezea Arlington kwenye uwanja wenye paa, iko kundi moja na timu nyingine nne za magharibi. Wanacheza karibu kila siku, miezi sita mfululizo, na anayeongoza kundi anaingia hatua ya mtoano. Hakuna sare. Kwa hiyo nusu msimu ikifika, mtu mwenye akili anakaa chini, anawapima wapinzani wake mmoja mmoja, ajue nani wa kumwogopa na nani wa kumhurumia. Hiyo ndiyo kazi ya kikao.

Safari hii nilikuwa na jambo langu jingine. Binti yangu ni muuguzi. Nimemsomesha kwa usukani. Mwaka uliopita alichukua kazi Houston, kwenye ule mtaa wa hospitali ulio kama mji ndani ya mji, akakaa Pearland, pembezoni mwa Houston, kwa mjomba wake. Tulikubaliana akae mwaka mmoja, apate uzoefu, arudi. Hospitali hapa kwetu ziko tele. Mwaka ulikuwa unaisha. Chumba chake nilishakipaka rangi, na kanisani nilishatangaza kwamba anarudi. Yeye ndiye katibu wa kikao tangu akiwa sekondari, kwa hiyo nilijua atakuja, na nilijua atakuja na tarehe.

Walifika Jumamosi mchana, yeye na mjomba wake, joto likiwa limekaa juu ya uwanja wa nyuma kama sufuria. Huyu mjomba ni kaka wa mke wangu. Ana digrii mbili na bado anashabikia Houston. Ndiyo maana mimi shule hainitishi. Mjumbe wa nne ni rafiki yangu Mrundi, anafanya kazi ghala moja la mji jirani wa Euless. Alipokuja Marekani kama mkimbizi alipelekwa Seattle kwanza, akaipenda timu ya kule, akahamia huku na homa yake.

Nilifungua kikao kwa sala, nikageuza mishikaki, nikasoma ajenda ya kwanza: hali ya timu yetu.

Hapo niliongea peke yangu kwa muda mrefu, maana maumivu ni yangu. Warushaji wetu hawana deni kwa mtu. Mrushaji anasimama juu ya kile kichuguu chake, anawanyima wapinzani kila kitu mpaka mkono unamtetemeka, halafu wapigaji wetu wanaingia na gongo mkononi kama watu waliokunywa gongo. Vituo vyote vitatu vimejaa watu wetu, wanasubiri mpira mmoja tu upigwe wakimbie, nawe umesimama sebuleni na sahani ya wali, na jamaa anapunga hewa mara tatu anarudi kukaa. Kesho tena. Keshokutwa tena. Mimi dereva wangu akirudi na lori tupu namwita ofisini. Hawa wakirudi watupu wanapewa maji ya baridi.

"Chairman," Mrundi akasema, "muko na timu ya kulinda nyumba. Timu ya kutafuta chakula hamuna."

"Shemeji, mngekuwa mnahesabiwa kwa kuzuia tu," shemeji akadakia, "ubingwa ungekuwa wenu mpaka mwisho wa dunia."

"Hujapewa nafasi ya kusema," nikamwambia. "Ajenda ya pili. Houston. Katibu."

Binti yangu akasimama. Niseme hapa kwamba siku za kawaida ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, kama watoto wote wa huku. Lakini kwenye kikao Kiingereza ni marufuku, ukiacha lile "chairman" la Mrundi, na sheria hiyo anaiheshimu kuliko anavyoheshimu taa nyekundu.

"Ahsante mwenyekiti. Warushaji wawili wanaumwa viwiko, mmoja bega. Ni majeruhi wengi kwa wakati mmoja."

"Hospitali zote zile Houston," nikasema, "mmeshindwa kutibu kiwiko?"

Mrundi akacheka mpaka akashika meza.

"Kiwiko hakiangalii idadi ya hospitali, mwenyekiti. Kinataka muda." Akaendelea, bila kujishtukia: "Lakini hatuna wasiwasi. Tumepandisha vijana kutoka timu ya chini, wana mbio, na tukiwa kwetu hatufungwi ovyo."

Nikaweka koleo la nyama chini.

"Katibu, rudia hapo. Nani hana wasiwasi?"

"Houston, mwenyekiti."

"Umesema hatuna. Hukusema hawana."

Akamtazama mjomba wake. Mjomba wake akautazama mshikaki. Mimi sikusoma sana, ila kati ya "hatuna" na "hawana" najua urefu wa barabara uliopo: ni kutoka hapa mpaka Pearland.

"Ni mambo ya mengineyo, baba," akasema taratibu.

"Sema sasa hivi."

"Utaratibu, baba. Jambo lisilo kwenye ajenda linasubiri mengineyo."

"Ni kweli, chairman," Mrundi akasema. "Mwaka jana miye niliuliza juu ya wali, ukaniambia nisubiri mengineyo. Nikasubiri. Wali ukaisha."

Ningefanya nini? Mwenyekiti anayevunja utaratibu wake mwenyewe hana tofauti na kelele. Zilibaki timu tatu. Nikaamua kuzimaliza upesi.

Seattle nikawashambulia kama wamenikosea binafsi. Nikasema warushaji wanao, wa kuogopwa, lakini ni watu wa kuringa mapema, na mtu anayeringa mapema hufika mwisho amechoka. Mrundi akasimama kuwatetea, akaleta habari za mvua ya kule, na jinsi wapigaji wao wanavyopiga mbali mwaka huu kuliko wetu, jambo ambalo ni kweli na ndiyo maana lilinichoma zaidi. Nikamkatiza. Akakaa, akanung'unika kwa Kirundi.

Anaheim nikawapa sentensi mbili. Nikasema ni nyumba yenye geti la dhahabu na bafu bovu. Shemeji akataka kuchangia. Nikajifanya sioni mkono wake.

Kisha ile timu iliyoondoka Oakland, ambayo sasa imejibanza kwenye uwanja wa kuazima ikingoja kujengewa kwake. Mrundi akauliza swali lake la kila mwaka.

"Mutu anakuwa chini kila mara, na hawamushushi daraja? Kwetu angeshuka."

"Huku hakuna kushuka daraja. Nimekueleza."

"Basi anaogopa nini?"

Siku nyingine swali hilo ningelijibu kwa raha, ni swali zuri. Siku ile nilikuwa namtazama binti yangu akimmiminia mjomba wake juisi, wakinong'onezana na kucheka kidogo, kama watu waliotoka nyumba moja asubuhi. Na kweli walikuwa wametoka nyumba moja asubuhi. Mke wangu akapita na bakuli la kachumbari. Nikamshika kiwiko.

"Kuna nini unachokijua?"

"Najua nyama yako inaungua," akasema, akapita.

"Mengineyo," nikatangaza.

Binti yangu akasimama tena. Alikuwa amekunja mikono mbele, kama siku ya kipaimara.

"Mwenyekiti, wajumbe. Kazini wamenipa nafasi ya kudumu, wodi ya wagonjwa wa moyo. Nimesaini wiki iliyopita. Na nimepata nyumba ya kupanga, Pearland, karibu na mjomba lakini si kwa mjomba."

Nikasikia mafuta yakidondokea makaa.

"Hoja hii ni nzito," nikasema. "Inahitaji kujadiliwa. Kwanza hospitali za hapa..."

"Si hoja, baba. Ni taarifa."

Hoja hujadiliwa na kupigiwa kura. Taarifa hupokelewa tu. Nilimfundisha mimi tofauti hiyo, kwenye meza ile ile, miguu yake ikiwa bado haigusi chini. Kazi ya mwenyekiti ikifika hapo ni kusema "imepokelewa" na kuendelea. Mimi nikageuza mishikaki iliyokwisha kugeuzwa. Mrundi akalisema neno hilo kwa niaba yangu, kwa sauti ya chini, kama anaitikia sala. Nikamgeukia shemeji.

"Umenichukulia mtoto kama mnavyochukua wachezaji wa watu."

"Shemeji, mimi nilimpa godoro. Kazi kapata mwenyewe. Wewe si ndiye unayesema kila siku hukupewa kitu na mtu? Basi ndiye huyo. Damu yako."

Nikafunga kikao bila sala.

Nilikwenda kusimama kwenye jiko la mkaa nikijifanya nazima moto. Mke wangu akaja, na nilipomkaba kwa maswali akakubali kwamba alijua tangu Pasaka kuwa binti hana mpango wa kurudi. Tangu Pasaka! Kanisani nilisimama mbele za watu nikitangaza kurudi kwake, naye ameketi pembeni yangu, anajua, ananirekebishia kola. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, akasema: "Ungeniachia nafasi ya kusema saa ngapi?" Nyumba nimeijenga mimi, kampuni nimeijenga mimi, kikao nimekiunda mimi, na habari zote za ndani zinanifikia mwisho, kama mgeni.

Binti akatufuata pale kwenye moshi.

"Ni saa nne tu barabarani, baba. Malori yako yanafika mpaka Laredo."

"Kwa ajili ya lori sipaki chumba rangi."

"Umepaka rangi?" Akapunga moshi usoni. "Rangi gani?"

"Bluu. Ya timu yetu."

Akacheka, akaziba mdomo. "Sasa mimi ningelala vipi humo?"

Mama yake naye akacheka. Mimi sikucheka. Hakuna aliyenieleza kilichochekesha.

Asubuhi yake, baada ya ibada, nilimpimia upepo wa matairi, maana mjomba wake na digrii zake hajui kupima upepo. Binti akashusha kioo.

"Kikao cha kabla ya mtoano kifanyike kwangu, mwenyekiti."

"Vikao havifanyiki kwa wapinzani."

"Basi tutaandika: mwenyekiti hakuhudhuria, bila udhuru."

Wakaondoka. Jioni timu yetu ikafungwa tena, sitaeleza jinsi ilivyofungwa, nimeshachoka kueleza. Nikamsikia mke wangu jikoni anaongea naye kwenye simu, wamefika salama. Nikapaza sauti kutoka kwenye kochi amuulize kama hiyo nyumba ina mahali pa kuchomea nyama, kwa sababu Houston nzima hakuna anayejua kuchoma.

"Muulize mwenyewe," akasema, akaniletea simu.

Nikaishika.

"Jiko nitakuja nalo mimi," nikamwambia. "Na nyama pia."

"Sawa, baba. Na ile taarifa?"

"Iko mezani. Inajadiliwa."

"Taarifa haijadiliwi, baba."

"Mimi ndiye mwenyekiti," nikasema. "Nikifika huko itajadiliwa."