Sweta ya Maruni Niliyonunua Ndanai

Sweta yangu ya maruni sina tena, na kesho kanisani msiniulize kabla hamjasoma hapa.

Mwaka huu niliacha kununua nguo ovyo. Nilichagua hiyo moja tu kwa mitumba, na niliipenda kweli.

Leo niko sokoni Ndanai nimeivaa, mama mmoja nisiyemjua akanishika mkono.

"Hii nilifuma mimi."

Watu wakageuka. Nikajua naitwa mwizi.

"Mama, mimi nilinunua. Aliyeniuzia yuko pale."

"Najua. Ilikuwa ya Chelangat, msichana wangu. Tulimzika wakati wa kupanda mahindi. Bwana yake akauza nguo zote kabla sijafika."

Nikaanza kuivua hapo hapo. Akanizuia.

"Usivue, kuna baridi. Tembea tu kidogo nikuone ukienda."

Jamani, mngefanya nini?

Nikatembea mpaka kwa wauza nyanya, nimempa mgongo. Halafu nikasikia kilio.

Nilipogeuka alikuwa amekaa chini, akina mama wawili wamemshika. Sasa nikaivua bila kumuuliza, nikamwekea kwa magoti.

Akajifunika uso wote nayo, akavuta harufu yake. Mimi nilidhani nimefanya jambo jema.

Akainua kichwa, akaniangalia bila hasira yoyote.

"Inanuka sabuni yako," akasema.

Nimerudi nyumbani na blausi tu.

Nyinyi mngemwambia nini?