Kiti cha Tonina Juu ya Paa

Shemeji yangu Wenzu alitengeneza makombora ya fataki kwa miaka thelathini na miwili, na hakuwahi kuona hata moja likifunguka vizuri. Msicheke. Anayewasha ndiye asiyeona. Unagusa utambi, unainamisha kichwa, unakimbia nyuma ya ukuta wa mawe, moshi umekujaa machoni. Ukija kuinua uso, huko juu yamebaki majivu tu. Wanaoona ni wale waliokaa uwanjani na soda zao.

Hakuna aliyemlipa. Mchana alikuwa tarishi wa posta. Jioni na Jumapili zake zilikuwa za kibanda cha fataki huko mashambani, mbali na nyumba za watu, maana kibanda kikilipuka huwa kinalipuka na waliomo. Kwetu Malta kila kijiji kina watu wa aina hii. Mwaka mzima wanahangaika kwa ajili ya sikukuu moja ya mtakatifu wao, ili kijiji jirani wakatwe ngebe.

Macho ya Wenzu yalikuwa dada yangu Tonina. Kila sikukuu alipanda juu ya paa la nyumba yao akakaa kwenye kiti chake, na mumewe akirudi ananuka moshi alimkuta jikoni, kahawa ya glasi iko mezani.

"Haya, niambie."

"Rangi ya kijani kwanza. Ikatanda, ikatulia. Halafu nyekundu ndani yake. Mwishoni fedha, ikamwagika mpaka karibu na mnara wa kanisa."

"Duara lilikuwa sawa?"

"Sawa kabisa, mume wangu. Kaa ule."

Mwaka mmoja alisema kijani, kumbe Wenzu hakutia kijani. Alimtania mpaka majirani wakasikia. "Mke wangu haoni jamani! Nyekundu anaiita kijani!" Kesho yake akamnunulia miwani. Tonina, mtu aliyekuwa akibishana hata na padri, aliivaa bila neno. Hapo ilinipasa nishtuke, lakini sikushtuka.

Dada alifariki mwezi wa pili. Wenzu hakulia mbele yetu. Alikwenda kibandani akaanza kombora moja kubwa, peke yake, mimi fundi mwenzake wa miaka yote akanifungia mlango. Alibandika karatasi kwa gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, akalianika juani, miezi minne. Hata rangi alizotia hakuniambia.

Siku moja akaniuliza, "Fredu, sasa nani ataniambia?"

"Kijiji kizima, shemeji."

"Hao wanasema ilipendeza. Ilipendeza ndiyo nini?" Akafuta mikono. "Mwaka huu washa wewe. Mimi nitakaa kwenye kiti cha Tonina nilione mwenyewe. Hili moja tu, halafu naacha."

Miaka hiyo hakuna aliyekuwa na simu ya kupigia picha. Likikupita limekupita.

Sikukuu ikafika, nikawasha, nikakimbia. Nyuma ya ukuta nilisikia limefunguka, kisha uwanja ukapiga mayowe ambayo sijapata kuyasikia tena. Nilifurahi mno. Sikungoja hata kupongezwa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Wenzu nikapanda ngazi.

Nilimkuta amesimama kando ya kiti. Upande wa mashamba, pale ambapo mbingu ilitakiwa kuwepo, palikuwa na jengo la ghorofa tano la mfanyabiashara wa vigae. Lilikuwa na miaka sita. Lipu yake nilipiga mimi mwenyewe. Tulipita chini yake kila siku, na hakuna kati yetu aliyewahi kuwaza linavyoonekana kutoka huku juu, kwa kuwa paa lilikuwa la Tonina, la nguo zake na sungura zake.

"Umeona?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Nimeona ukuta wako unawaka kidogo ukingoni." Alikuwa ameshika miwani ya dada. "Miaka sita, Fredu. Na miwani nikamvalisha."

Kisha akasema, "Hebu kitazame kiti."

Kilikuwa kimefungwa kwa waya kwenye bomba la maji ili upepo usikiangushe, vilevile Tonina alivyokiacha. Waya ulikuwa umeshika kutu. Hakikuelekea mashambani wala juu. Kilielekea barabara ya chini, kwenye kona ambapo mtu anayetoka kibandani huonekana kwanza. Alikuwa akikaa pale kungoja kuona kama mumewe anarudi, na kama anarudi na mikono yote miwili. Akimwona, anashuka mbio kuweka kahawa mezani na kutunga rangi.

Nililia, sioni haya kusema. Nilimlilia dada yangu kuliko siku tuliyomzika.

Wenzu alikaa kwenye kiti. Barabara ilikuwa tupu, watu wote wako uwanjani.

"Haya," akasema, "niambie."

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta. Sikuona kitu.

"Rangi ya kijani kwanza," nikasema. "Ikatanda, ikatulia."

"Sikutia kijani."

Hakuniangalia, macho yake yalikuwa kwenye ile kona.

"Endelea tu," akasema. "Halafu?"