Vipande Alivyovitupa Wembe

Walimwita Wembe, na jina lilimkaa sawasawa. Nyie mnaosikiliza muziki kwenye simu hamjui santuri za zamani zilivyokuwa vurugu tupu: jogoo anawika katikati ya ubeti, mpiga gitaa anapiga chafya, mlango unalia. Yeye ndiye fundi wa kwanza wa kurekodi pale mjini kuthubutu kukata mkanda wa sauti kwa wembe, akatoa uchafu wote, kisha akaunga kwa gundi. Wenzake walimwona kichaa. Haukupita mwaka, waimbaji wakawa wanapanga foleni mlangoni kwake.

Mmoja wao akawa mkewe. Na mwanamke yule, jamani, alikuwa na kicheko! Alicheka kabla ya wimbo, akacheka baada yake, akapiga soga kipaza sauti kikiwa wazi. Wembe hakuwa na simile. Kila kicheko, kila neno la pembeni, kilikatwa na kwenda kwenye debe la taka.

Mama alifariki binti yao akiwa bado ananyonya. Miaka ishirini na mbili baadaye, binti akimmiminia baba yake chai, akauliza ghafla, "Hivi baba, mama alikuwa anaongeaje?"

"Si una nyimbo zake zote?"

"Nyimbo anazo kila mtu. Mimi nataka kumsikia akiongea tu. Hata akigomba."

Wembe akaenda kufungua studio yake ya zamani, kuta zimeota ukungu. Siku tatu alisikiliza boksi baada ya boksi. Sauti ya mkewe iliingia safi, ikatoka safi, na kabla na baada yake kimya kitupu. Kazi hiyohiyo iliyompa sifa! Alijichukia, wala hakujificha. Alilia kwa sauti, mzee mzima.

Boksi la mwisho lilikuwa na mkanda aliouacha nusu, hajamaliza kuusafisha. Alimwita binti, wakakaa bega kwa bega. Mashine ikakwaruza, halafu ikatoka sauti ya mwanamume kijana, kali: "Hebu acha kucheka, mke wangu! Unaniharibia mkanda!"

Pakasikika mkwaruzo mdogo, pale alipounga. Wimbo ukaanza.

Binti alisubiri mpaka mkanda ukaisha wote.

"Na yeye alikujibuje, baba?"

"Nilikata," akasema Wembe.